Sura ya Sita: Mtoto Aulizwe Mwenyewe

Fungua faili la mtoto anayetibiwa saratani ya damu, utakuta namba za kila aina: wingi wa damu, chembe nyeupe, chembe sahani, joto la asubuhi na la jioni, uzito, miligramu za kila dawa, tarehe ya sindano ya mgongo. Namba hizo ndizo zinazomvusha, na hakuna mwenye akili atakayezibeza. Ila ukitaka kujua kama usiku wa jana alipata usingizi, kama anaweza kujifunga vifungo vya shati, kama anaogopa na anaogopa nini, utapekua kurasa zote na mwisho utaambulia maneno mawili yaliyoandikwa mbiombio na daktari aliyekuwa na wodi nzima ya kuzungukia: anaendelea vizuri.

Nani kasema? Hilo ndilo swali la sura hii.

Tusiwalaumu madaktari bure. Mwaka 1948, Sidney Farber wa Boston alipotangaza kwamba dawa iitwayo aminopterini imewapa afueni watoto wenye saratani kali ya damu, afueni yenyewe ilikuwa ya muda mfupi, kisha ugonjwa ukarudi. Mbele ya ugonjwa wa namna hiyo swali lilikuwa moja tu: ataishi? Leo, katika nchi tajiri, zaidi ya 80% ya watoto wenye saratani wanapona. Katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wanaopona ni chini ya 30%. Kadiri wanaopona walivyoongezeka ndivyo swali la pili lilivyojitokeza: wanapona wakiwa katika hali gani, na njiani wanapitia nini? Matibabu ya saratani ya damu inayowapata watoto wengi zaidi huchukua miaka 2 hadi 3. Kwa mtoto wa miaka 6, hiyo ni karibu nusu ya umri wake.

Kipimo cha mwanzo cha hali ya mgonjwa wa saratani kilitungwa kwa ajili ya watu wazima. Mwishoni mwa miaka ya 1940, David Karnofsky na wenzake huko New York walitengeneza ngazi inayoanzia 100 na kushuka kwa kumi kumi hadi 0. Juu kabisa yuko mtu asiye na lalamiko lolote. Chini kabisa ni maiti. Katikati wanauliza: anaweza kufanya kazi? Anajihudumia mwenyewe? Kwa seremala au karani ni maswali ya maana. Mtoto wa miaka 4 hana kazi, na hata akiwa mzima wa afya bado anaogeshwa na kuvishwa.

Mwaka 1987 Lansky na wenzake, nchini Marekani, wakaondoa kazi na kuweka mchezo. Mtoto mwenye 100 anacheza kama kawaida yake. Mwenye 80 anacheza, ila anachoka mapema. Akifika 60 yuko wima, lakini mbio na kuruka hamna tena, anashughulika na michezo ya kukaa. Kwenye 50 anavaa nguo zake vizuri kisha muda mwingi wa siku amejilaza. Kwenye 30 yuko kitandani na hata mchezo wa utulivu hauwezi bila msaada, na kwenye 10 hachezi kabisa. Ni kipimo chepesi, hakihitaji damu wala mashine, na kwa kweli ninakipenda, kwa sababu aliyekitunga aliwahi kumtazama mtoto. Mzazi yeyote aliyeuguza anajua kwamba siku mwanawe aliporudia kuukimbiza mpira ndiyo siku aliyoamini dawa zinafanya kazi.

Lakini kina kasoro mbili. Ya kwanza ni mahali. Mtoto aliyetoka kijiji cha kando ya Ziwa Victoria akalazwa hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa wenzake anaocheza nao, anaweza kupewa 60 kwa sababu ya ugonjwa, au kwa sababu hana uwanja, hana mpira na hana wa kumpigia pasi. Namba haisemi ni ipi kati ya hizo. Vilevile binti wa miaka 11 ambaye nyumbani anateka maji, anaosha vyombo na kumbeba mdogo wake mgongoni, nguvu zake hupimwa vizuri zaidi kwa ndoo kuliko kwa kamba ya kuruka. Kasoro ya pili ni nzito zaidi: anayejaza ni mzazi. Mtoto mwenyewe hajaulizwa.

Kumuuliza mtoto, watu wengi hudhani, ni jambo jepesi. Unamwendea kitandani, unamwambia, "Hujambo mwanangu, unaendeleaje leo?" Tatizo ni kwamba mtoto aliyelelewa vizuri huku kwetu anajua jibu la swali hilo hata kabla hujalimaliza. "Sijambo." "Shikamoo dokta." "Naendelea vizuri." Tumefundishwa toka utotoni kwamba habari ni nzuri kwanza, kisha kama kuna ubaya unakuja nyuma ya neno "ila": nzuri tu, ila tumbo, salama, ila sijalala. Daktari mwenye haraka huwa amekwisha kufika kitanda cha pili kabla ya hiyo "ila". Ndiyo maana swali la kupima lazima litofautiane na salamu. Linataja jambo moja, linataja muda, linatoa majibu ya kuchagua: tangu jana mpaka sasa, mdomo umekuuma? Haukuuma, kidogo, kiasi, sana, au sana kupita kiasi?

Angalia linavyofanya kazi kwa dawa moja. Vinkristini hutokana na ua dogo la bustanini lenye asili ya Madagaska, na imeokoa watoto wasiohesabika, wakiwamo wale wenye uvimbe wa taya ambao Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958 na ambao sasa unaitwa kwa jina lake. Dawa hiyo hugusa mishipa ya fahamu. Mtoto huanza kujikwaa, nyayo zinapiga sakafu kwa sababu ncha ya mguu hainyanyuki. Vidole vinakufa ganzi, kalamu inamponyoka, vifungo vinamshinda. Taya linauma. Choo kinakuwa kigumu, siku ya tatu hajaenda, na kwa kuwa ana miaka 10 anaona aibu kumwambia mtu, hasa nesi wa kiume. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha hata kimoja kati ya haya. Huku uvimbe wa taya unayeyuka ndani ya siku chache na kila mtu anafurahi, mtoto mwenyewe anaweza kuwa na vidonda mdomoni vilivyosababishwa na dawa nyingine, kiasi kwamba hata uji haupiti.

Huko Toronto, Lillian Sung na wenzake walitunga dodoso fupi la dalili 15 kwa watoto wa miaka 8 hadi 18, na baadaye dogo zaidi kwa wa miaka 4 hadi 7. Huzuni imo, hofu, hasira, uchovu, vidonda vya mdomo, ganzi ya mikono na miguu, kutapika, mabadiliko ya ladha, choo kigumu, kuharisha, na mabadiliko ya uso na mwili ambayo watu wazima husahau kabisa kuyauliza. Kila dalili inapewa 0 hadi 4, jumla ikiwa 60, na muda unaoulizwa ni jana na leo basi. Mtoto haulizwi tu kama dalili ipo. Anaulizwa inamsumbua kiasi gani. Mmoja amenyonyoka nywele na wala hajali, mwingine ameacha kwenda dirishani kwa sababu hiyohiyo.

Kwa wadogo ambao "kiasi" na "sana" bado zinawachanganya, zikaja nyuso. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Tulsa, Oklahoma, Donna Wong na Connie Baker, waliokuwa wakihudumia watoto walioungua moto, walitengeneza safu ya nyuso 6 kuanzia wenye tabasamu hadi wenye machozi. Safu hiyo imebandikwa kwenye kuta za hospitali duniani kote. Ina mtego, hata hivyo. Mtoto aliyemkumbuka bibi yake anaweza kugusa uso wenye machozi bila kuumwa popote. Na mvulana aliyeambiwa toka akiwa na miaka 3 kwamba mwanamume halii hataugusa uso huo hata mfupa ukimpasuka. Mwaka 2001 ikatoka safu nyingine iliyorekebishwa: nyuso 6 pia, zinazohesabiwa 0, 2, 4, 6, 8 na 10, bila tabasamu upande mmoja wala chozi upande wa pili. Ni paji la uso, macho na mdomo tu vinavyojikunja taratibu. Mimi ningeichagua hii ya pili kwa wodi yoyote.

Hata hivyo, watoto wadogo wanapenda ncha. Mpe mwenye miaka 5 nyuso sita naye atachagua wa kwanza au wa mwisho. Kwa hiyo nesi mjuzi hupima kipimo kwanza. "Ukichomwa mwiba mguuni, utakuwa uso gani?" "Huu." "Na bibi akikukumbatia?" "Huu." Kama mwiba na bibi wamepata uso mmoja, mtoto hajaelewa na jibu lake la maumivu lisiandikwe. Muda nao unahitaji nanga. "Siku 7 zilizopita" ni hewa tupu kwa mtoto. "Tangu siku ile mama mdogo alipokuja kukuona" anaielewa.

Sasa tuje kwenye dodoso linalotumika sana kwenye utafiti, la James Varni na wenzake, maarufu kwa kifupi cha PedsQL. Lina maswali 23: 8 ya mwili, 5 ya hisia, 5 ya kuhusiana na wenzake, 5 ya shule. Lina toleo la mtoto kuanzia miaka 5 na toleo la mzazi, maswali yakiwa yaleyale. Kila jibu ni kuanzia 0, yaani haitokei kamwe, hadi 4, yaani karibu kila mara. Kisha majibu yanageuzwa: 0 inakuwa alama 100, 1 inakuwa 75, 2 inakuwa 50, 3 inakuwa 25, na 4 inakuwa 0. Unatafuta wastani. Alama kubwa, hali njema.

Tuchukue mfano wa kubuni: binti wa miaka 9 na mama yake, wamejaza kila mmoja peke yake sehemu ya hisia. Binti kuhusu kuogopa amejibu 1, huzuni 2, hasira 3, shida ya usingizi 4, wasiwasi wa yatakayompata 1. Geuza: 75, 50, 25, 0, 75. Jumla 225, gawanya kwa 5, alama 45. Mama amejibu kuogopa 3, huzuni 4, hasira 1, usingizi 0, wasiwasi 3. Geuza: 25, 0, 75, 100, 25. Jumla 225. Alama 45.

Mtafiti akiangalia mwisho wa karatasi ataandika kwamba mama na mtoto wamekubaliana. Wamekubaliana wapi? Mama anamwona mtoto mwenye majonzi na hofu ambaye usiku analala fofofo. Binti anasema halali, na mchana ana hasira zisizo na sababu. Usiku amejikunja kimya ili mama yake, ambaye amejilaza pembeni kwenye kanga iliyotandikwa sakafuni, apumzike. Na ukitazama orodha ya dawa zake utakuta prednisoloni, dawa inayojulikana kwa kuvuruga usingizi na kupandisha hasira. Daktari angeweza kupanga saa ya kuinywa iwe asubuhi, akamweleza mama kwamba ukali wa mwanawe ni wa dawa na utapita. Yote hayo yamezikwa chini ya 45 mbili. Ninasisitiza mfano huu kwa sababu nimeona ripoti nyingi zinazosifu wastani, na wastani wa hisia ni kitu cha kutilia shaka mpaka umeona majibu yenyewe.

Tafiti za wagonjwa watoto zimerudia jambo moja: mzazi na mtoto hukaribiana kwenye yale yanayoonekana, kama kutembea na kutapika, na huachana kwenye yale ya moyoni. Mara nyingi mzazi huona hali mbaya kuliko anavyoiona mtoto, kwa kuwa naye amebeba hofu yake. Hii haimfanyi mzazi kuwa shahidi wa uongo. Mtoto mchanga, mtoto aliyezidiwa, mtoto asiyeweza kusema, wote watategemea macho ya mzazi. Na mzazi mara nyingi huona kuliko daktari. Mwaka 2000 Joanne Wolfe na wenzake wa Boston walichapisha mahojiano na wazazi wa watoto 103 waliofariki kwa saratani. Kwa mujibu wa wazazi, 89% ya watoto hao waliteseka sana kwa angalau dalili moja katika mwezi wao wa mwisho, hasa uchovu, maumivu na kukosa pumzi. Walipolinganisha na mafaili, dalili nyingi ambazo wazazi walizitaja madaktari hawakuwa wameziandika. Hiyo ilikuwa Boston, mji wenye hospitali za kifahari.

Ninachokipinga ni desturi ya kumfanya mzazi asemee mtoto anayeweza kusema. Waulizwe wote wawili, kila mmoja kivyake, na majibu yakitofautiana yaandikwe yote mawili. Nasema kivyake kwa sababu mtoto akiulizwa mbele ya mama, kwanza humtazama mama usoni. Akiona macho yamelengalenga, maumivu hushuka kutoka 8 hadi 2 hapo hapo. Wengine huficha kwa hesabu zao wenyewe: nikisema naumwa nitachomwa sindano, nikisema nina homa hatutarudi nyumbani Jumamosi.

Kuna jambo la kwetu ambalo madodoso ya Ulaya na Marekani hayalitilii maanani. Familia nyingi hazimwambii mtoto ana saratani. Anaambiwa ana uvimbe, ana upungufu wa damu, ana "ugonjwa wa damu" tu. Sehemu ya dodoso la Varni iliyotungwa mahsusi kwa saratani inamuuliza mtoto kama ana wasiwasi kwamba ugonjwa utarudi, na kama matibabu yanafanya kazi. Mtafiti akimsomea mtoto asiyeambiwa, karatasi imeshamwambia. Basi kabla ya kufungua dodoso, nesi amuulize mama faraghani: mtoto anajua nini? Na kama hajui, kuna mazungumzo mengine yanayopaswa kutangulia, ya mama na daktari, kabla ya namba yoyote.

Sehemu ya shule nayo inayumba. Mtoto aliyelazwa miezi mitano atajibu nini akiulizwa kama anasahau mambo darasani? Kanuni ya Varni inasema sehemu yenye majibu chini ya nusu isihesabiwe. Ni sawa kitakwimu, ila inaficha kwamba kukosa shule ndilo jibu lenyewe.

Je, kuuliza kunasaidia au ni karatasi juu ya karatasi? Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika vituo 20 vya Marekani. Vituo vingine viliwauliza watoto dalili zao mara 3 kwa wiki kwa wiki 8, majibu yakipelekwa kwa wahudumu pamoja na mwongozo wa nini kifanyike kwa kila dalili. Vingine viliendelea kama kawaida. Watoto walioulizwa walimaliza wakiwa na dalili pungufu. Zingatia sehemu ya mwongozo. Mtoto akisema 8 leo, 8 kesho, na hakuna aliyesogea, keshokutwa atasema 2, na atakuwa amejifunza kwamba karatasi ile ni ya kuwafurahisha wakubwa.

Kwa maumivu, la kufanya linajulikana. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishauri hatua mbili kwa watoto wenye maumivu ya ugonjwa wa muda mrefu: parasetamoli au ibuprofeni kwa maumivu madogo, na morfini kwa ya kati na makali. Kodeini, iliyokuwa hatua ya katikati, iliondolewa. Uganda ilishaonyesha njia mapema. Daktari Anne Merriman alipoanzisha huduma ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa, Kampala mwaka 1993, alianza na morfini ya kunywa, ya maji, inayochanganywa hapohapo nchini kwa gharama ndogo. Kampala hiyohiyo ndiyo makao ya Jumuiya ya Tiba Shufaa Afrika, ambayo imetunga kipimo cha watoto kilichozaliwa kwenye wodi za bara hili, na ambacho humuuliza mtoto pamoja na anayemlea. Hospitali inayopima maumivu bila kuwa na morfini kabatini inahesabu tu kilio.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa saratani za watoto. Inakadiriwa kwamba watoto na vijana 400,000 hupata saratani kila mwaka duniani. Lengo la mpango lina vipande viwili: ifikapo 2030 angalau 60% wapone, na mateso yapunguzwe kwa wote. Kipande cha kwanza kila wizara inakinukuu kwa sababu kina namba. Cha pili kinasomwa haraka kama dua ya kufunga kikao. Nchi haiwezi kudai imepunguza mateso ambayo haikuyahesabu, na haiwezi kuyahesabu bila kuwauliza wanaoteseka.

Safu ya nyuso sita ya 2001 inaruhusiwa kutumika hospitalini bure. Inatosha kwenye nusu ya karatasi, haihitaji umeme, na nesi anahitaji dakika chache kumuuliza mtoto mmoja. Basi ombi langu kwa wakuu wa wodi za watoto, kuanzia Muhimbili, Bugando na KCMC hadi Nairobi na Kampala, ni dogo. Chati ya joto ipo tayari miguuni mwa kila kitanda. Ongezeni mstari mmoja chini yake, wa jibu la mtoto, na mwingine wa jibu la mzazi, na wa tatu unaosema kilichofanyika baada ya hapo na saa ngapi. Nanyi wazazi, mkiona mistari hiyo haipo, kanunueni daftari la shilingi chache muichore wenyewe, mumuulize mtoto jioni kabla hajalala, na asubuhi daktari akifika kitandani mumfungulie daftari kabla hajauliza habari.